NJIA PANDA ISIYOTAKIWA: KUFUNDISHA SIRI, MUDA NA PROGRAMU KWA KUTUMIA HISTORIA YA TABORA

Utangulizi

Mwalimu wa TEHAMA katika shule ya msingi hukabiliwa na shida ambayo mwalimu wa Sayansi au wa Stadi za Kazi haijui sana. Mbegu huota mbele ya macho ya mwanafunzi, na kikapu husukwa kwa mikono yake mwenyewe. Lakini kazi ifanyikayo ndani ya kompyuta haionekani wala haishikiki, na kwa sababu hiyo mada zake nyingi huishia kuwa maneno ya kukariri. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi mada moja ngumu, ambayo hata watungaji wa programu waliobobea huteleza ndani yake, iwezavyo kufundishwa kwa darasa la tano au la sita bila ya kompyuta hata moja, kwa kutumia kadi, kokoto, makofi na historia ya mji wa Tabora.

Mada yenyewe ni hii. Programu yaweza kutoa jibu sahihi kila mara na bado ikavujisha siri, kwa sababu muda inaoutumia hubadilika kulingana na siri hiyo. Tena, mtungaji aweza kuizuia hatari hiyo kwa uangalifu mkubwa, kisha chombo kinachotafsiri programu yake katika lugha ya mashine kikaurudisha udhaifu ule ule, kikidhani kuwa kinamsaidia kwa kufupisha kazi. Funzo kuu ambalo mwanafunzi hana budi kuondoka nalo ni kwamba kazi mbili zenye jibu moja si lazima ziwe kazi moja. Mwanachuo atakayelielewa jambo hili ataona pia kuwa linamhusu yeye mwenyewe anaposahihisha daftari.

Madhumuni ya somo

Mwishoni mwa vipindi viwili vya dakika 40 kila kimoja, mwanafunzi aweze:

(a) kueleza jinsi muda wa kazi unavyoweza kufichua jambo lililofichwa;
(b) kuonyesha kwa hesabu tofauti ya kubahatisha namba nzima na kubahatisha tarakimu moja moja;
(c) kutaja kazi ya kompaila na kueleza kwa nini ufupishaji wake waweza kuleta madhara;
(d) kupendekeza njia za kuilinda siri.

MAARIFA YA MSINGI KWA MWALIMU

1. Tabora, mji wa njia panda

Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliyotoka Bagamoyo na sehemu nyingine za pwani ilifika Unyanyembe, penye makazi ambayo wasafiri wa Kizungu waliyaandika kwa jina la Kaze, na ambako leo ni Tabora. Hapo njia iligawanyika. Moja iliendelea magharibi hadi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Nyingine ilielekea kaskazini, nchi za Karagwe na Buganda. Na nyingine ilishika kusini-magharibi kuelekea Katanga. Reli ilipokuja iliifuata desturi hiyo hiyo. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Kwa mwanafunzi wa Tabora, basi, maana ya njia panda haihitaji maelezo marefu: ni mahali ambapo msafiri hulazimika kuchagua, na anayemtazama kwa mbali aweza kujua amechagua nini.

Wapagazi, wengi wao wakiwa Wanyamwezi, walipeleka bara nguo, shanga na waya, wakarudi pwani na pembe za ndovu. Pembe kubwa isiyobebeka na mtu mmoja ilifungwa kwenye mti, ikachukuliwa na watu wawili. Mtazamaji aliyesimama kando ya njia hakuwa na haja ya kufungua mzigo ili aukisie uzito wake. Mzigo ulifungwa, lakini mwendo wa wachukuzi ulikuwa wazi.

Muda wa safari nao una habari zake. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Kaze tarehe 7 Novemba mwaka huo huo, yaani baada ya miezi minne na zaidi. Henry Stanley aliandika kuwa msafara wake wa mwaka 1871 ulitumia siku 84 kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe. Tukimwambia mwanafunzi kwamba misafara yote miwili ilifika, tumempa jibu moja. Tukimpa idadi ya siku, huanza kuuliza maswali: je, mmoja ulikutwa na maradhi? Je, ulikaa kituoni kusubiri wapagazi? Mizigo ilikuwa mingi kiasi gani? Neno “ulifika” halikutoa habari hizo. Idadi ya siku imezifungulia mlango.

2. Namba ya siri na muda wa kuilinganisha

Tuchukue namba ya siri yenye tarakimu nne, mfano wa zile zitumikazo katika huduma za fedha kwa simu, kama M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Kila tarakimu yaweza kuwa moja kati ya 10, kuanzia 0 hadi 9. Kwa hiyo namba zote ziwezekanazo ni:

10 × 10 × 10 × 10 = 10,000.

Sasa tuseme kuna programu inayoilinganisha namba iliyotolewa na namba ya kweli, tarakimu moja baada ya nyingine, na kuacha mara inapokuta tofauti ya kwanza. Programu hii haikosei kamwe: namba ya kweli huikubali, na ya uongo huikataa. Lakini namba iliyokosewa mwanzoni hukataliwa upesi, na iliyopatia mwanzo ikakosea baadaye hukataliwa kwa kuchelewa kidogo. Mwenye kupima muda huo aweza kuitafuta tarakimu ya kwanza peke yake, kisha ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne. Majaribio yake hayazidi:

10 + 10 + 10 + 10 = 40.

Kutoka 10,000 hadi 40: alama ya kuzidisha imegeuka kuwa alama ya kujumlisha, na kilichoigeuza ni muda tu. Mwalimu aiandike hesabu hii ubaoni kwa herufi kubwa na kuiacha hapo hadi mwisho wa somo.

Ni wajibu wa mwalimu kueleza kuwa mfano huu umerahisishwa. Huduma za kweli hujilinda pia kwa kumfungia mtu aliyekosea mara chache, na hatuelezi hapa udhaifu wa kampuni yoyote. Hata hivyo kanuni yenyewe si ya kubuni. Mwaka 1996 Mmarekani Paul Kocher alichapisha uchunguzi ulioonyesha kuwa njia mashuhuri za kusimba ujumbe, yaani kuugeuza usisomeke na asiyehusika, zaweza kuvujisha funguo zake za siri kupitia muda wa mahesabu. Wengi walidhani kuwa jambo hilo linawezekana kwa mtu aliye karibu sana na mashine tu. Mwaka 2003 David Brumley na Dan Boneh wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kuwa ufunguo wa siri waweza kupatikana kutoka kompyuta nyingine, kwa kupitia mtandao.

3. Kinga ya mtungaji

Dawa iliyokubalika ni kuifanya kazi yote kila mara. Programu hulinganisha tarakimu zote nne hata kama ya kwanza tayari imetofautiana. Huweka kumbukumbu ya tofauti bila ya kusimama. Na hutoa jibu mwishoni tu. Aidha, haipiti njia panda yoyote inayotegemea siri. Haisemi “ikiwa ni hivi shika kulia, ikiwa ni vile shika kushoto”, bali hufanya hesabu ile ile kwa kila tarakimu, na hesabu hiyo hutoa sifuri pale pasipo na tofauti. Kwa njia hii mtazamaji wa nje huona mwendo mmoja, siri iwe nini.

4. Kompaila na ufupishaji wake

Mtungaji haandiki programu kwa lugha ya mashine. Huiandika kwa lugha iliyo karibu na ya binadamu, kisha programu nyingine iitwayo kompaila huitafsiri. Kompaila nzuri si mkalimani wa neno kwa neno. Huisoma kazi nzima, huondoa hatua zisizobadili jibu, na huchagua njia ya mkato. Bila ya ufupishaji huo programu nyingi tunazozitumia zingekuwa nzito na polepole. Basi tusimfundishe mwanafunzi kuwa kompaila ni adui.

Shida imo katika mapatano. Lugha nyingi za programu humtaka mfasiri atunze jibu. Hazimtaki atunze muda. Kwa macho ya kompaila, hatua iliyowekwa ili kusawazisha muda ni hatua bure, kwa kuwa ukiiondoa jibu halibadiliki. Mtungaji aliijua sababu ya hatua ile, lakini lugha haikumpa mahali pa kuiandika.

5. Matukio mawili ya kweli

Mwaka 2016 watafiti walichunguza programu ya usimbaji iliyokuwa imetungwa kwa uangalifu ili itumie muda ule ule daima. Ilipotafsiriwa kwa kompaila mojawapo ya kampuni ya Microsoft, kazi ya kuzidisha namba ndefu ilikabidhiwa kijisehemu kilichokuwa na njia ya mkato: sehemu za juu za namba zikiwa sifuri, kuzidisha kwingine kulirukwa. Jibu lilikuwa sahihi kabisa. Muda ulitofautiana, na watafiti wakaonyesha kuwa tofauti hiyo ilitosha kuupata ufunguo.

Tukio la pili ni la mwaka 2024. Mwezi Agosti mwaka huo taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitangaza rasmi kiwango kipya cha usimbaji kiitwacho ML-KEM, kinachotokana na njia iliyojulikana kwa jina la Kyber, na kinachokusudiwa kuhimili kompyuta za aina mpya za siku zijazo. Miezi michache kabla ya hapo, mtafiti Antoon Purnal alibaini kasoro katika programu ya mfano ya njia hiyo. Ndani ya programu hiyo kila biti ya ujumbe wa siri, iwe 0 au 1, ilipangiwa kupita barabara moja: hesabu ile ile, urefu ule ule. Kompaila iitwayo Clang, ilipotumiwa kwa baadhi ya mipangilio ya ufupishaji, iligundua kuwa biti ile haiwezi kuwa kitu kingine ila 0 au 1. Ikaiondoa hesabu na kuweka njia panda mahali pake: ikiwa ni 1 fanya hivi, ikiwa ni 0 pita. Purnal alionyesha kuwa kwa kupima muda, ufunguo wa siri ulipatikana katika kompyuta mpakato kwa muda usiozidi dakika 10.

Marekebisho yalifanyika. Kijisehemu kile kilihamishiwa katika faili lingine, ili kompaila inapotafsiri sehemu inayohusika isiweze kukiona na kukifupisha. Mwalimu aizingatie hatua hii, kwa maana tutairudia katika mchezo.

ZANA

Kadi nne za boksi zenye tarakimu, kokoto chache, kikapu kilichotandikwa kitambaa ndani, khanga ya kutenga pembe moja ya darasa, ubao na chaki, saa yenye mshale wa sekunde, ikipatikana.

HATUA ZA SOMO

Hatua ya 1: Kuwaandaa wanafunzi (dakika 15)

Mwalimu achore ubaoni njia ya Bagamoyo hadi Tabora, na matawi yake ya Ujiji, Karagwe na Katanga. Awape wanafunzi muda wa misafara ya mwaka 1857 na 1871, kisha awaulize: “Tukijua kuwa misafara yote ilifika, muda unatuongezea nini?” Majibu yote yaandikwe, hata yale ya kubahatisha. Shule iliyo karibu yaweza kuutumia mchana mmoja kwenda Kwihara, nje ya mji, ilipo nyumba ya kumbukumbu ya Livingstone; lakini ziara hiyo si sharti la somo hili.

Hatua ya 2: Mlinzi wa ghala (dakika 25)

Mwanafunzi mmoja awe mlinzi wa ghala la msafara, akae nyuma ya khanga na kadi za namba ya siri, tuseme 3 7 0 5. Mwingine awe mgeni, ataje namba za kujaribu. Wa tatu awe karani wa kuhesabu makofi. Mlinzi apewe amri hizi:

1. Linganisha tarakimu ya kwanza, piga kofi moja.
2. Zikitofautiana, sema “Rudi”, kisha acha.
3. Zikilingana, endelea na tarakimu inayofuata kwa namna ile ile.
4. Zote nne zikilingana, sema “Pita”.

Karani ataandika ubaoni kama ifuatavyo:

1 1 1 1 — kofi 1 — Rudi
3 1 1 1 — makofi 2 — Rudi
3 7 1 1 — makofi 3 — Rudi
3 7 0 1 — makofi 4 — Rudi
3 7 0 5 — makofi 4 — Pita

Mwalimu asiwaambie wanafunzi watazame makofi. Awaache wagundue. Aghalabu kabla ya jaribio la kumi sauti zitasikika: “Kofi limeongezeka!” Hapo ndipo mwalimu aonyeshe hesabu ya 10,000 na 40. Wanafunzi wepesi waulizwe kama majaribio 40 yaweza kupungua zaidi, na kwa nini. Watagundua kuwa tarakimu tisa zikishakataliwa, ya kumi haihitaji kujaribiwa.

Hatua ya 3: Mlinzi mwangalifu (dakika 15, kipindi cha pili)

Namba ya siri ibadilishwe. Mlinzi apewe amri mpya:

1. Kwa kila tarakimu, zote nne, piga kofi, kisha ingiza mkono kikapuni.
2. Zikitofautiana, mkono uwe na kokoto na uiache humo. Zikilingana, mkono uingie mtupu.
3. Baada ya tarakimu ya nne tazama kikapuni. Ukikuta kokoto sema “Rudi”. Ukikuta pako tupu sema “Pita”.

Wanafunzi wajaribu tena. Makofi ni manne daima, na mwendo wa mkono ni mmoja. Waulizwe: “Kwa nini kikapu kimetandikwa kitambaa?” Watakaosema kuwa ni ili kokoto isitoe mlio wamekwisha kulielewa somo kwa nusu.

Hatua ya 4: Msaidizi mfupishaji (dakika 15)

Mwalimu amchague mwanafunzi ambaye tangu mwanzo wa kipindi alipewa kazi nyingine nje ya darasa. Ampe karatasi yenye zile amri mpya na kumwambia maneno haya tu: “Zifupishe amri hizi ili mlinzi asichoke, lakini jibu la Pita au Rudi lisibadilike.” Asimweleze habari za siri wala za makofi.

Msaidizi mwerevu atauliza: “Mkono mtupu unaingia kikapuni kufanya nini?” Naye ataandika: zikilingana, usiingize mkono. Mwingine ataona mbali zaidi na kusema: kokoto ya kwanza ikishaingia jibu limekwisha kujulikana, basi mlinzi aache hapo hapo. Ufupishaji wote huu ni wa haki, na jibu halikubadilika. Mlinzi atumie amri zilizofupishwa, darasa lisikilize. Katika namna ya kwanza nafasi kati ya kofi na kofi itakuwa ndefu pale penye kokoto na fupi pasipo nayo. Katika namna ya pili makofi yenyewe yatapungua. Siri imetoka tena.

Namna ya kwanza ndiyo iliyo karibu zaidi na tukio la mwaka 2024: mwendo mmoja wa mkono umegeuzwa kuwa njia panda. Hapa mwalimu alitaje neno kompaila kwa mara ya kwanza, wala si kabla ya hapa. Neno likija baada ya tendo hukaa; likitangulia hukaririwa.

Hatua ya 5: Majadiliano (dakika 10)

Swali la kuongoza liwe: “Nani amekosa?” Wengine watamlaumu msaidizi, na wengine watawalaumu walioandika amri. Mwalimu awaongoze waone kuwa kila mmoja ametimiza alilopewa, isipokuwa sababu ya mkono mtupu haikuandikwa popote. Kisha wapendekeze dawa. Kwa kawaida huja tatu:

(a) Kumweleza msaidizi sababu. Hii ni dawa njema kati ya watu, ila lugha nyingi za programu hazina mahali pa kuiandika.
(b) Kumficha msaidizi sehemu ile ya amri ili asiifupishe. Ndivyo ilivyofanyika mwaka 2024.
(c) Kuyasikiliza makofi baada ya ufupishaji, kabla mlinzi hajapelekwa ghalani. Yaani kuikagua kazi iliyokwisha kutafsiriwa na kuupima muda wake, badala ya kuamini maandishi ya mwanzo.

Dawa ya tatu haiachwi hata zile mbili zikiwapo, kwa maana kompaila mpya hutolewa mara kwa mara, nayo yaweza kuona njia ya mkato ambayo ile ya zamani haikuiona.

Hatua ya 6: Kufunga kipindi (kazi ya nyumbani)

Wanafunzi waandike kwa sentensi zao wenyewe jambo moja walilolisikia wakati ambapo mlinzi hakusema kitu.

MAKOSA YANAYOTARAJIWA

Wanafunzi wengine watasema: “Basi mlinzi asipige makofi.” Waelezwe kuwa kofi limesimama mahali pa muda, na hakuna kazi isiyochukua muda. Wengine watataka mlinzi aongeze makofi ovyo ili amchanganye mgeni. Pendekezo hili ni la akili na lijaribiwe. Mgeni akirudia namba ile ile mara nyingi na kutafuta wastani, vurugu itapungua na tofauti itaanza kuonekana tena. Hii ni nafasi nzuri ya kurudia mada ya wastani katika Hisabati.

Tena, mwalimu asiache somo bila ya onyo la maadili. Namba ya siri ya mzazi, ya mwalimu au ya mtu yeyote si kitu cha kujaribia. Tunajifunza jinsi mlango unavyofunguliwa na mwizi ili tujue kuufunga.

TATHMINI

1. Namba ya siri ina tarakimu tatu. Taja idadi ya namba ziwezekanazo, na idadi kubwa ya majaribio iwapo kila tarakimu yaweza kutafutwa peke yake.
2. Eleza kwa nini mlinzi aliingiza mkono mtupu kikapuni.
3. Msaidizi hakubadili jibu. Je, alibadili nini?
4. Taja kazi moja ya kompaila iliyo na manufaa.
5. Kati ya dawa tatu zilizotajwa, ipi ungeitumia kila mara? Toa sababu.

Jibu la swali la 1 ni 1,000 na 30. Katika maswali mengine mwalimu asitafute maneno yaliyo katika makala haya, bali sababu iliyo wazi.

MAFUNZO KWA MWALIMU MWENYEWE

Mwanachuo asidhani kuwa mambo haya ni ya mashine tu. Katika mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi huona aina mbili za mwenendo zinazofanana nayo mno.

La kwanza ni kusahihisha kwa kutazama jibu peke yake. Mwanafunzi apewe sehemu 16/64 airahisishe. Anakata tarakimu 6 juu, anakata 6 chini, anabakiwa na 1/4. Jibu ni sahihi, na mwalimu mwenye haraka hutia alama ya vema. Kesho yake mwanafunzi huyo hupewa 12/24, akakata 2 juu na 2 chini, akaandika 1/4 badala ya 1/2. Jana alikosea vile vile, ila jibu lilimficha. Mwalimu wa namna hiyo amefanya kama ifanyavyo kompaila: amezihesabu njia mbili kuwa ni moja kwa sababu zilifika mahali pamoja. Tofauti ni kwamba kompaila haikupewa uwezo wa kuuliza “umefikaje?”, na mwalimu amepewa.

La pili ni muda wa mwalimu mwenyewe. Mwanafunzi anapotoa jibu sahihi, mwalimu husema “Vema” papo hapo, anapokosea, mwalimu hunyamaza kidogo, kisha husema “Una hakika?” Haichukui wiki moja darasa kuisoma alama hiyo. Kuanzia hapo wanafunzi hawafikirii tena swali. Husikiliza kimya cha mwalimu na kubadili jibu kabla hajasema neno. Dawa yake ni ile ile ya mlinzi mwangalifu. Kila jibu, la kweli na la kukosea, lingojewe muda mmoja, na liulizwe swali moja: “Umelipataje?” Wanafunzi watalalamika mwanzoni kuwa mwalimu anawapotezea muda. Watakapoacha kuutazama uso wa mwalimu na kuanza kulitazama swali, malalamiko hayo yatakwisha.

Hitimisho

Somo hili halihitaji umeme wala mtambo, na laweza kufundishwa chini ya mwembe sawasawa na ndani ya darasa. Lakini wanafunzi tunaowafundisha leo ndio watakaotunga programu za benki, za hospitali na za huduma za fedha ambazo wazazi wao wanazitegemea kwa malipo ya mazao na ada. Baadhi yao watakabidhi kazi yao kwa kompaila na kuambiwa kuwa majibu yote yametoka sahihi. Mwanafunzi aliyewahi kusikia kofi la nne likikosekana nyuma ya khanga hataridhika na maneno hayo kabla ya kuupima muda.

Wanachuo wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha wanashauriwa kuucheza mchezo huu wao kwa wao kwanza, kwa namba tatu tofauti, na kuandika katika andalio la somo ni katika jaribio la ngapi wenzao waligundua makofi. Idadi hiyo itawasaidia kukisia dakika watakazozihitaji darasani.